Siku Tatu Mjini Songea: Namna ya Kupanga Safari ya Kutazama

Somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, Kitai na vijiji vya jirani

Natumaini mmekwisha kaa, kiongozi wa kikundi ana chaki na ubao, na mwandishi ana daftari na kalamu. Mzee asiyesikia vizuri na asogezwe karibu na redio. Somo letu la leo ni juu ya safari.

Tukihesabu safari zetu za mjini, wengi wetu tutaona kuwa karibu zote ni safari za shida. Twaenda mjini kumpeleka mgonjwa, kufuata kesi, kuzika, kununua bati au mbolea, kutafuta cheti cha mtoto. Shida ikiisha, twakimbilia gari. Mtu aweza kwenda Songea mara hamsini katika maisha yake, na akiulizwa mji ule una nini, atajibu: una stendi, una soko, una hospitali. Hakusema uongo. Amesema alichokiona.

Leo tutazungumza juu ya safari ya namna nyingine, yaani safari ya kwenda mjini siku mbili tatu kwa ajili ya kutazama na kujifunza, kisha kurudi nyumbani. Huenda mtu akasema: "Hayo ni mambo ya watalii wenye fedha." Ningependa tulichunguze neno hilo kabla ya kulikubali.

Mfano wa mbali

Kaskazini ya Hispania, karibu na mpaka wa Ufaransa, wakaa watu waitwao Wabaski. Lugha yao haina undugu na lugha nyingine yoyote ijulikanayo duniani. Mji wao mkubwa ni Bilbao, ambao zamani ulikuwa mji wa chuma na wa kuunda meli. Mwaka 1997 lilifunguliwa pale jumba kubwa la sanaa, na tangu hapo wageni wengi hufika kwa siku mbili tatu. Siku ya kwanza hutazama mji wenyewe, na siku ya pili baadhi yao hupanda gari moshi kwenda mji mdogo uitwao Guernica, safari ya saa moja hivi.

Kwa nini waende mji mdogo? Kwa sababu tarehe 26 Aprili 1937, siku ya Jumatatu ambayo ilikuwa siku ya gulio, ndege za Kijerumani na za Kitaliano ziliuangushia mji ule mabomu na kuuteketeza. Hayo yalitokea wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. Mchoraji Picasso alichora picha kubwa ya msiba huo mwaka ule ule, na picha hiyo imelifanya jina la mji lijulikane dunia nzima. Leo Guernica ina makumbusho ya amani, na pana mti wa mwaloni ambao chini yake watawala wa zamani waliapa kuziheshimu sheria za Wabaski. Miaka 60 baada ya mabomu, mwaka 1997, Rais wa Ujerumani wa wakati ule, Roman Herzog, aliwaandikia waliosalimika akikiri kosa la ndege za nchi yake.

Sasa angalieni. Mtoto wa shule wa Kibaski hupelekwa Guernica na mwalimu wake. Mkulima wa Kibaski huenda na wajukuu wake. Hawangoji kuwa matajiri, wala hawangoji mgeni awaeleze habari zao.

Sisi nasi tuna mahali petu pa namna hiyo, na si mbali. Mtu wa Kitai akipanda gari asubuhi, afika kabla ya chakula cha mchana. Wageni kutoka ng'ambo huja kupatazama, na sisi tunaokaa katika barabara ile ile twapita tukiwa na gunia la mahindi bila kugeuza shingo. Hili ndilo jambo zito katika somo letu la leo.

Hatua ya kwanza: kujua mnakwenda kutazama nini

Safari isiyo na lengo huishia sokoni. Kabla ya kuhesabu nauli, kikundi sharti kijue mji una nini. Basi tuukumbuke mji wa Songea.

Mji huu una jina la mtu. Nduna Songea Mbano alikuwa mmoja wa wakubwa wa Wangoni. Wangoni ni watu waliotoka kusini ya Afrika katika misukosuko ya karne ya 19. Walivuka mto Zambezi mwaka 1835, na baada ya miaka mingi ya kuhamahama baadhi yao wakafika katika nchi hii. Wajerumani walijenga boma lao hapa mwaka 1897.

Mwezi Julai mwaka 1905 vita vya Majimaji vilianza katika vilima vya Umatumbi, upande wa Kilwa, watu walipochoka na kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu dawa ya maji na kuwaambia kuwa risasi hazitawadhuru. Yeye alinyongwa mapema mwezi Agosti mwaka ule ule, lakini habari ya dawa ilikwisha enea. Katika Ungoni ililetwa na mjumbe aliyeitwa Omari Kinjala. Wangoni wakaingia vitani, na kama tujuavyo, risasi hazikugeuka maji.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea. Hesabu ikumbukwayo pale ni watu 67. Miongoni mwao alikuwamo Nkosi Mputa Gama, na mwanamke mmoja, Mkomanile wa Kitanda. Nduna Songea Mbano naye alinyongwa, na ana kaburi lake peke yake, mbali na kaburi la pamoja la wenzake. Wazee husimulia kuwa kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Kunyongwa kwa viongozi hakukuwa mwisho wa taabu. Askari walichoma vijiji na ghala za chakula, njaa ikaingia, na njaa iliua watu wengi kuliko bunduki. Wanahistoria hutofautiana katika kukadiria hesabu ya waliokufa kusini yote, lakini wengi husema walizidi laki moja, na wengine hufika laki tatu.

Mahali walipozikwa viongozi hao ndipo penye Makumbusho ya Majimaji, mtaa wa Mahenge. Yalifunguliwa mwaka 1980, na sasa yamo chini ya Makumbusho ya Taifa. Kuna makaburi, majina ya walionyongwa, sanamu za viongozi, silaha na vyombo vya zamani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika pale pale. Alikutana na wajukuu wa ukoo wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale waliyoyatenda Wajerumani, na akaahidi kuwa watajaribu kukitafuta kichwa hicho.

Basi yaani mtu ametoka Berlin kuja kusimama mbele ya kaburi lile, nasi wa Kitai hatujafika.

Hapa mzee mmoja katika kikundi huenda atainua mkono na kusema: "Mwalimu, mimi si Mngoni. Mimi ni Mmatengo. Babu zangu waliwakimbia Wangoni hao hao, wakapanda milimani. Niende kuwalilia kwa nini?"

Mzee wangu, swali lako ni la haki, wala halifai kufunikwa. Ni kweli Wangoni waliwashambulia jirani zao, na ni kweli Wamatengo walijikusanya milimani. Huko, katika miteremko mikali, wakawa hodari wa kulima ngoro, yaani yale mashimo yenye kingo za nyasi na udongo ambayo huzuia maji ya mvua yasichukue ardhi. Wataalamu wa kilimo kutoka nchi za mbali huja kuyatazama mashimo hayo. Lakini kwenda kutazama si kulia, wala si kusahau. Nenda na swali lako. Mwulize mwelezaji wa makumbusho: "Na sisi wa milimani, habari zetu ziko wapi humu?" Historia ambayo haiulizwi swali huwa hadithi ya upande mmoja. Tena njaa iliyofuata vita haikuuliza mtu kabila lake.

Kiongozi wa kikundi, andika ubaoni maneno haya: *Lengo la safari yetu ni nini?* Kila mtu ataje jambo moja analotaka kuliona au kuliuliza. Yaandikwe yote.

Hatua ya pili: kuchagua wakati

Kuna nyakati mbili zifaazo, na kila moja ina faida na hasara zake.

Wakati wa kwanza ni mwisho wa Februari. Kila mwaka hufanywa kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji, na kilele chake ni tarehe 27 Februari. Wakati huo mtaona ngoma za kimila, mtasikia hotuba, na mtakutana na watu wa koo zilizofiwa. Lakini Februari ni katikati ya masika ya kwetu. Mvua hunyesha, palizi haijaisha, na chakula cha mwaka jana kimepungua ghalani. Mjini nako watu huwa wengi, hata vyumba huwa shida.

Wakati wa pili ni Agosti au Septemba. Mvua hakuna, shamba la mahindi limepumzika, na fedha za kahawa zimeanza kuonekana au zakaribia. Makumbusho yana utulivu, na mwelezaji ana nafasi ya kujibu maswali yenu. Ila hamtaiona sherehe, na mwenye kahawa bado nyingi mtini hawezi kuondoka. Usiku ni wa baridi. Blanketi si mzigo.

Msichague kwa kuigana. Kikundi cha wazee wanaopenda kuuliza na kusikia vizuri kitafaidi zaidi Agosti. Kikundi chenye vijana wapendao ngoma kitafaidi Februari. Kwa somo hili tutachukua mfano wa Februari, maana ndio mgumu zaidi. Awezaye kupanga safari ya Februari ataweza nyingine zote.

Ugumu wake ni huu: fedha hupatikana nusu ya pili ya mwaka, na safari iko Februari. Kati yake pana Krismasi, pana karo na sare za shule mwezi Januari, pana mbolea. Fedha ya safari yapita katika mlango wa simba watatu. Ikikaa mfukoni italiwa.

Hatua ya tatu: fedha

Tuseme kikundi chenu kina watu 12, na mnataka kulala mjini usiku mbili. Hesabu nitakazotoa sasa ni za mfano tu, kwa ajili ya kufundishia. Bei za kweli mtaziuliza wenyewe, maana nauli na vyumba hubadilika. Mwandishi, andika hivi kwa mtu mmoja:

Nauli ya kwenda na kurudi, shilingi 14,000.
Kulala usiku mbili, shilingi 24,000.
Chakula siku tatu, kila siku 9,000, jumla shilingi 27,000.
Daladala, bajaji au bodaboda za mjini, shilingi 6,000.
Viingilio, shilingi 3,000.
Akiba ya dharura, shilingi 10,000.

Jumlisheni. Jumla ni shilingi 84,000 kwa mtu mmoja.

Fedha hizo zikitajwa kwa mara moja, mtu hushtuka. Lakini tuzigawe. Tangu tarehe 14 Agosti hadi tarehe 26 Februari ni siku 196, yaani wiki 28. Gawanya 84,000 kwa 28, utapata 3,000. Basi kila mtu atoe shilingi 3,000 kila wiki. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa watu 12, mwisho wake kikundi kitakuwa na shilingi 1,008,000, na ndani yake akiba ya dharura ni 120,000.

Asiyeweza kutoa kila wiki, kwa kuwa fedha yake huja kwa mkupuo wakati wa kahawa, na atoe mkupuo huo mapema, uandikwe, naye asidaiwe tena. Njia zote mbili ni sawa maadamu jumla ni moja.

Fedha zikae wapi? Zisikae kwa mtu mmoja nyumbani, hata akiwa mwaminifu kama nini. Mwaminifu naye huvamiwa na wezi, na mwaminifu naye huuguliwa na mtoto usiku. Kama mna kikundi cha kuweka na kukopa chenye sanduku la kufuli tatu, zikae humo katika mfuko wake peke yake. Kama mna akaunti ya benki au ya simu ya kikundi, iwe ya watu watatu wenye kuweka sahihi au namba ya siri kwa pamoja. Kila wiki mwandishi asome kwa sauti: fulani ametoa, fulani hajatoa, jumla ni hii. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kisha wekeni kanuni mapema, kabla hasira haijaingia. Mtu akijitoa kabla ya safari, atarudishiwa nini? Nashauri arudishiwe yote ikiwa vyumba na magari hayajalipiwa, na kama yamelipiwa, arudishiwe yaliyobaki. Akifiwa au akiugua, je, ndugu yake aweza kuichukua nafasi yake? Nashauri ndiyo. Andikeni kanuni hizo, kila mtu aweke sahihi au dole gumba. Urafiki wa miaka 20 umewahi kuvunjika kwa shilingi elfu kumi ambazo hazikuandikwa.

Kiongozi, tulia hapa dakika tano. Watu wafanye hesabu hizi kwa bei ambazo wao wenyewe wazijua. Jumla ikizidi uwezo wenu, kuna njia ya kuipunguza: mlale usiku mmoja badala ya mbili, au mfikie kwa jamaa wawili watatu mjini na kuwachukulia unga na maharage. Msiipunguze akiba ya dharura. Hiyo ndiyo ya mwisho kuguswa.

Hatua ya nne: njia na malazi

Barabara ya kutoka Mbinga hadi Songea, yenye urefu unaokaribia kilomita 100, ni ya lami, nasi wa Kitai tuko katikati yake, pale ambapo barabara ya Lituhi inachepuka kuelekea ziwani. Jirani zetu wa Mbamba Bay nao wana lami hadi Mbinga. Kwa hiyo hata kikundi cha wavuvi wa Ziwa Nyasa chaweza kulitumia somo hili, wakiongeza nauli yao na saa za njiani.

Watu 12 wana nguvu ya kupatana bei. Ulizeni mambo mawili: bei ya kupanda basi dogo kama abiria wa kawaida, na bei ya kukodi gari zima kwenda na kurudi. Linganisheni. Gari la kukodi litawangoja na litawaingiza Peramiho njiani; la abiria ni rahisi, lakini laondoka kwa saa yake. Mkienda kama abiria, ulizeni tangu asubuhi lashushia stendi ipi, na kutoka stendi hiyo hadi mjini ni nauli gani. Nafasi za kurudi tarehe 28 zikatwe mapema, maana siku baada ya sherehe kila mtu ataka kurudi.

Malazi yapangwe kwa simu wiki nne kabla, na wiki moja kabla mpige tena kuthibitisha. Ulizeni maneno haya: Chumba ni bei gani kwa usiku, na ni cha watu wangapi? Maji yapo? Chandarua kipo? Lango lafungwa saa ngapi? Toeni malipo ya awali kwa risiti tu. Mzee asiyeweza kupanda ngazi apewe chumba cha chini. Mama mwenye mtoto anyonyaye asiwekwe upande wa baa.

Tena pigeni simu makumbusho. Waambieni: "Sisi ni kikundi cha elimu ya watu wazima, watu 12, twataka kufika siku fulani, saa fulani, na twaomba mwelezaji." Ulizeni kiingilio na saa za kufungua. Ukibisha hodi kwa simu, utapokewa kwa mkeka.

Hatua ya tano: siku tatu zenyewe

Siku ya kwanza, tarehe 26 Februari. Ondokeni asubuhi. Mkifika, wekeni mizigo, mle, mpumzike. Alasiri tembeeni mji polepole. Tazameni milima ya Matogoro kando ya mji. Humo huanzia mto Ruvuma, mto ule ule ambao mbele kabisa ni mpaka wetu na Msumbiji na ambao umeupa mkoa wetu jina. Mtoto aliyesoma jina hilo darasani atafurahi kujua kuwa amekiona chanzo cha mto kwa macho yake, ijapokuwa kwa mbali. Jioni mkae pamoja dakika 20, mkumbushane maswali yenu. Mlale mapema.

Siku ya pili, tarehe 27. Fikeni Mahenge mapema, kabla jua na watu havijazidi. Sherehe ikiisha au watu wakipungua, mfuateni mwelezaji ndani ya makumbusho, na mbele ya orodha ya majina msipite upesi. Ajuaye kusoma amsomee asiyejua, jina moja moja. Alasiri, wenye miguu yenye nguvu wapande Chandamali, kwenye mapango ambayo husimuliwa kuwa Nduna Songea alijificha, wakiongozwa na mwenyeji. Mvua ikinyesha, msipande, mawe huteleza. Badala yake nendeni Bombambili, kwenye makumbusho ya marehemu Rashidi Mfaume Kawawa, mwana wa mkoa huu, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962 baada ya Mwalimu Nyerere kujiuzulu.

Siku ya tatu, tarehe 28. Asubuhi nendeni sokoni, kwa saa moja na nusu na si zaidi. Kisha mrudi kwa njia ya Peramiho. Wabenedikto walianza misheni hapo mwaka 1898; wakati wa Majimaji ilichomwa moto, ikajengwa upya. Leo kuna abasia, kanisa kubwa, hospitali na shule. Wengi wetu twaijua hospitali tu, maana ndiko tulikozaliwa au kuugua. Safari hii ingieni kanisani kwa utulivu, mwenye dini nyingine akae nje kama apenda, mtazame jengo na kazi za mikono. Na hapa pana fumbo la kuzungumza njiani: watu wa taifa lile lile waliowanyonga wazee wetu ndio waliotujengea hospitali. Msikimbilie kulifumbua. Lipeni nafasi.

Hatua ya sita: adabu na usalama

Makaburi ni makaburi, hata kama watu wanapiga picha. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na msimpige mzee wa ukoo bila kumwamkia kwanza. Watoto wasipande sanamu. Pombe, kwa apendaye, ingoje safari iishe. Kikundi kimoja chenye mlevi mmoja ni walevi wote machoni pa wenyeji.

Fedha za kikundi zigawanywe kwa watu watatu. Kila mtu awe na karatasi mfukoni yenye jina la nyumba mnayolala na namba ya simu ya kiongozi. Anayetumia dawa za presha au sukari achukue za siku tano, si tatu. Kadi ya bima ya afya ije. Mnapopanda bodaboda, muwe mmoja mmoja, na kofia ngumu ivaliwe. Wawekeni wawili wawili, kijana na mzee, kila mmoja amjue mwenzake alipo.

Na nyumbani? Atakayechunga mbuzi, atakayempikia bibi, atakayelinda nyani shambani, atajwe wiki mbili kabla na aletewe zawadi. Baba, usiseme "Mama watoto atabaki" kana kwamba ni sheria. Kama safari ni ya kujifunza, yeye naye ana macho. Pokezaneni: mwaka huu aende yeye, mwaka ujao wewe.

Baada ya kurudi

Safari haijaisha mpaka isimuliwe. Wiki moja baada ya kurudi, kikundi kikutane, mwandishi asome hesabu yote: kilichotolewa, kilichotumika, kilichobaki. Kilichobaki kigawanywe au kiwe mbegu ya safari nyingine. Kisha mwombeni mwalimu mkuu wa shule ya msingi nafasi ya nusu saa, wazee wawili wawasimulie watoto waliyoyaona. Mtoto wa Kitai akisikia kuwa babu yake alisimama mbele ya jina la Mkomanile na kulisoma, au kusomewa, hatalisahau. Atataka kwenda naye, na hataona kuwa ni jambo la wageni.

Wasikilizaji wapenzi, wakati wetu umekwisha. Sasa jibuni maswali haya katika kikundi.

1. Taja safari tano za mwisho ulizokwenda mjini. Ngapi zilikuwa za kutazama au kujifunza?
2. Kikundi chenu chafaa kwenda Februari au Agosti? Toeni sababu mbili.
3. Kikundi cha watu 15 chahitaji shilingi 70,000 kwa kila mtu, na kimebakiwa na wiki 20. Kila mtu atoe kiasi gani kwa wiki? Jumla ya kikundi ni kiasi gani?
4. Mtu mmoja amejitoa siku tatu kabla ya safari, na vyumba vimekwisha lipiwa nusu. Kanuni yenu yasemaje?
5. Ni swali gani mtakalomwuliza mwelezaji wa makumbusho, ambalo mnadhani halijaulizwa na mgeni yeyote?

Majibu ya swali la tatu: kila mtu atoe shilingi 3,500 kwa wiki, na jumla ya kikundi ni shilingi 1,050,000.

Tembeeni mwone. Kwaherini, mpaka somo lijalo.